Miimo ya mlango wa zamani imeoza chini: ning'oe fremu nzima au nikarabati sehemu iliyoharibika?

Mkaaji_Mpya

Ndugu zangu, salaam. Nimehamia katika nyumba kongwe ambayo milango yake ni ya mbao nzito, na fremu zake zimeunganishwa kwa ndimi na vijiti vya mbao bila msumari hata mmoja. Katika mlango wa mbele, miimo yote miwili imeoza kuanzia kizingiti cha chini. Fundi niliyemwita aliitazama kwa dakika chache tu, akasema fremu nzima ing'olewe na iwekwe mpya. Naona uchungu kuitupa, kwa sababu sehemu ya juu ni nzima na ina nakshi ambazo sidhani kama kuna atakayezichonga tena kwa mkono. Je, ukarabati wa sehemu ya chini pekee unaweza kudumu, au nitakuwa najidanganya?

Nina swali la pili pia. Sebuleni kuna shubaka pana ninalotaka lijengewe kabati la vitabu, ila kuta zake zimepinda. Kabati litakaaje vizuri humo?

Randa_na_Patasi

Ndugu Mkaaji, fremu isiguswe kabla hujajua uozo umefika wapi. Chukua bisibisi nyembamba uichomeke kwenye mwimo kuanzia chini ukipanda juu, kila baada ya upana wa vidole vinne. Mbao nzima huikataa ncha, na ukiikwangua hutoa vibanzi virefu. Mbao iliyooza humeza ncha na kukatika vipande vifupi kama mkate mkavu. Weka alama ya penseli pale ncha inapoanza kukataliwa, kisha panda tena kidogo, kwa kuwa mkato sharti uwe ndani ya mbao nzima.

Baada ya hapo tafuta maji yanatoka wapi. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi takribani asilimia 20, kwa hiyo mbao iliyo kavu haiozi hata ikiwa na umri mkubwa kiasi gani. Mara nyingi mkosaji ni saruji iliyomwagwa baadaye kuzunguka guu la mwimo: maji huingia kwenye ufa mdogo, saruji huyazuia yasitoke, na mbao huyafyonza kupitia ncha yake, ambako nyuzi zimekaa wazi kama mirija. Usipoliondoa hilo, hata fremu mpya itaoza palepale.

Ukarabati wenyewe ni kuunga guu jipya. Kata mwimo kwa mshazari, mteremko ukielekea nje ili maji yatakayofika kwenye kiungo yatiririke kutoka badala ya kuingia. Tumia mbao ya aina ileile au inayokaribiana nayo, iliyokauka sawasawa, na nyuzi zake zifuate mwelekeo wa zile za zamani, kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana lakini kwa urefu ni kidogo mno. Bandika kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, ongeza skrubu zisizoshika kutu, na upake rangi ya msingi kwenye ncha ya chini kabla ya kuisimamisha. Acha mwanya mdogo kati ya ncha hiyo na sakafu. Kiungo cha namna hii, kikikatwa kwa utulivu, hakionekani baada ya kupakwa rangi.

Timazi

Nakubaliana na mwenzangu kwa sehemu kubwa, ila nisingependa ukarabati ugeuzwe kuwa ibada. Uozo ukiwa umepita bawaba ya chini, au fremu ikiwa imelegea kwenye viungo vya juu, ifungueni yote na kubadilisha mwimo mzima, huku mkihifadhi kizingiti cha juu chenye nakshi.

Jambo ambalo halijatajwa ni rangi. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku katika nyumba za kuishi mwaka 1978 tu. Kama hujaipima, ichukulie kuwa unayo. Usiipige msasa ikiwa kavu wala kuichoma kwa moto, kwani vumbi na moshi wake hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Ilowanishe, ikwangue taratibu juu ya karatasi ya plastiki, vaa barakoa yenye kichujio cha vumbi laini, na usafishe kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio.

Kuhusu kabati, usijaribu kulijenga liwe na upindo wa ukuta. Pima upana wa shubaka chini, katikati na juu, mbele na nyuma, kisha uchukue kipimo kidogo kuliko vyote na kukipunguza milimita 20 kila upande. Kabati lijengwe likiwa mraba kamili, lisimamishwe kwa pimamaji, ndipo mwanya ufunikwe kwa ubao mwembamba. Ubao huo uuegemeze ukutani, pitisha bikari ncha moja ikigusa ukuta na penseli ikichora juu ya ubao, halafu uurande hadi kwenye mstari, ukilaza randa kidogo ili ukingo wa mbele pekee ndio uguse ukuta. Rafu nazo zisiwe ndefu mno: mzigo uleule juu ya rafu yenye urefu mara 2 huipinda mara 8 zaidi.

Mkaaji_Mpya

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimefanya jaribio la bisibisi leo asubuhi. Mwimo wa kushoto umekataa ncha kiganja kimoja tu juu ya kizingiti, lakini wa kulia umemeza hadi karibu na bawaba, na nilipobomoa kipande cha saruji kwenye guu lake nilikuta udongo ulioloa, ingawa mvua haijanyesha kwa wiki mbili.

Randa_na_Patasi

Basi wa kushoto unga guu. Wa kulia usiukate bado. Udongo unaoloa bila mvua huenda unanyweshwa na bomba linalovuja, nawe anza kwa kufunga mifereji yote ya maji ya nyumba usiku mmoja, bila kuyatumia kabisa, na kusoma mita ya maji kabla ya kulala na tena asubuhi kabla ya kufungua mfereji wowote: namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja.