Tumelipia siku nzima ya jahazi na kutembezwa mji Lamu, tukaishia kusukuma mashua kwenye tope

Wadau salama? Mimi si mtu wa kufungua nyuzi za kulalamika lakini hii imenikaa kooni tangu turudi Malindi na kila nikiangalia mesej za yule bwana aliyetuuzia safari nashikwa na hasira upya.

Tulikuwa kundi la marafiki, wengi ni watu wa Malindi hapa na wawili walitoka Mombasa, tukakodi jahazi ZIMA, narudia zima, si kuchangia na watu. Makubaliano yako kwenye simu yameandikwa: kuondoka jeti ya Lamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kupita kwenye mikoko hadi magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda, chakula ndani ya jahazi, wali wa nazi na samaki wa kupaka, halafu mchana kutembezwa mji wa kale, ngome, makumbusho, ile nyumba ya Kiswahili na posta ya Wajerumani, na viingilio vyote ndani ya bei. Arbuni tukatuma kwa M-Pesa, zilizobaki akataka keshi pale jeti kabla hatujapanda. Tukampa.

Sasa sikilizeni. Saa kumi na mbili na nusu tuko jeti. Saa moja tuko jeti. Saa mbili tuko jeti na jua lishaanza kuchoma, nahodha kakaa zake kwenye mtumbwi wa mtu anachezea simu, tukiuliza tunaambiwa "subirini kidogo ndugu zangu". Mwisho ndio tukaambiwa ati kuna wageni wawili Wazungu wanatoka hoteli ya Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, wanakuja kuungana na sisi. Kuungana na sisi vipi na jahazi tumekodi sisi? Tukang'oa nanga saa nne, na hao wageni wala hawakutokea!

Kwa wasioijua Takwa nieleze manake hapa ndipo penye uzito wa jambo. Ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya Manda, ambao unakaribia kukigawa kisiwa mara mbili, una maji ya kutosha wakati wa kujaa tu. Maji yakipwa ni tope na mizizi ya mikoko. Siku ile maji yalikuwa yamejaa saa mbili. Mtoto wa Lamu wa darasa la nne anajua ukitoka saa nne huingii, sembuse mtu anayejiita nahodha. Tulipofika katikati ya mikoko injini ikaanza kutifua matope meusi, akainyanyua, akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, upondo wenyewe ukawa unazama kwenye tope karibu nusu yake na akiuvuta unatoka na ile harufu ya yai bovu, jahazi halisongi hata hatua. "Wanaume shukeni msukume." Tukashuka. Tope la magotini, chaza zinakata miguu, rafiki yetu mmoja alikatika unyayo na kwenye jahazi hakuna hata pamba, akafungwa na leso ya mwenzake. Hapo hata jaketi za kuokolea sijazisema, nyingine hazina vifungo.

Kundini mwetu kuna mwalimu wa historia. Huyu mtu miaka anafundisha watoto habari za miji ya kale ya pwani na Takwa hajawahi kukanyaga. Alikuwa akitusimulia tangu kwenye basi, habari za msikiti wa ijumaa wenye nguzo juu ya kibla, kaburi la mnara, vile wenyeji walivyouhama mji ule karne ya 17 wakahamia Shela na vile watu wa Shela wameendelea kurudi pale kuomba dua ya mvua. Tuligeuza jahazi akiwa amesimama mbele anaangalia mikoko, hakusema neno. Mimi ndiye nilisema kwa niaba yake, na nilisema sana.

Chakula kilikuwa chipsi za baridi na soda. Tuendelee.

Mjini tukakabidhiwa kijana wa kututembeza. Kufika pale Mkunguni mbele ya ngome anatuambia ngome hii ilijengwa na Wareno. Wareno! Mwalimu akamrekebisha kwa adabu kabisa, kwamba Wareno ni Fort Jesus ya Mombasa, 1593, na hii ya Lamu ilianzwa baada ya vita vya Shela, 1813 hivi, ikamalizika 1821 wakati Waamu wameshaomba ulinzi wa Sultani wa Omani, halafu ikaja kuwa jela mpaka 1984. Kijana anajibu "hiyo ni stori yako mwalimu". Mlangoni tunaambiwa kila mtu ajilipie, viingilio "havikuwa kwenye hesabu". Tukajilipia, tukapewa dakika chache tu, twendeni twendeni muda umeisha. Ile posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 ikafungwa 1891, tulipita mlangoni kama tunakimbizwa, na makumbusho yenye siwa, lile baragumu kubwa la kale, hatukuingia kabisa.

Lakini kwa maduka ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa kale, muda ulikuwepo! Duka la pete za fedha, duka la vinyago, duka la vitambaa, tunakaa humo mpaka tunachoka, yeye amesimama mlangoni anahesabu nani kanunua nini. Duka moja niliona kwa macho yangu, kila mtu akilipa kidaftari kinatoka chini ya meza, kiasi kinaandikwa, yule kijana anachungulia kuhakikisha. Sina ugomvi na wenye maduka, kila mtu anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni kuuziwa historia ya mji nikapelekwa sokoni. Mji uliowekwa kwenye urithi wa dunia tangu 2001 unatembezwa na mtu asiyejua ngome yake ilijengwa na nani, na pembeni unaona wazee wa Lamu wamekaa barazani wanaijua kila nyumba.

Jioni nampigia mwenye safari anirudishie angalau nusu. Jibu lake: "Kaka, maji ni kazi ya Mungu." Kujaa na kupwa ni kazi ya Mungu, sawa, saa ya kuondoka ni kazi yako wewe uliyetuweka jeti kusubiri wageni wa bei ya juu! Nikamwambia hivyo hivyo. Akanibloku.

Sitaji jina hapa kwa sasa. Nataka kujua, kuna ofisi gani Lamu inayosimamia mashua za watalii na hawa watembezaji, manake skrinshoti zote ninazo na risiti za M-Pesa pia. Na Waamu mliomo humu, mwenye kumjua nahodha anayeondoka kwa saa ya maji aniachie ujumbe, mwalimu lazima afike Takwa kabla shule hazijafunguliwa. Nusu ya pesa zetu bado naitaka.