Kupasua mbao mwenyewe kwa chenso yenye fremu: inalipa au najitafutia balaa?

mkulima_wa_muheza
Habarini wakuu. Mzee ana shamba huku Muheza njia ya kupanda Amani, ndani kuna mfenesi mkubwa umeangushwa na upepo na migrevilea imeshakomaa inaziba iliki na pilipili manga, nataka zote ziwe mbao za kujengea, zikibaki nitengenezee vitanda. Tatizo gari haifiki shambani, gogo zima hulitoi, na wale wapasuaji wa msumeno wa kuvuta, mmoja juu mmoja chini, siku hizi kuwapata kazi. Shemeji yangu ana chenso (msumeno wa injini), Stihl 381 ya ba ya inchi 24, yaani ule upanga unaozungukwa na cheni, na nimeona video wazungu wameifunga kwenye fremu ya chuma wanaisukuma juu ya gogo mbao inatoka imenyooka vizuri tu. Waliowahi kufanya naomba mnisaidie, hiyo fremu fundi wa kuchomelea anaiweza au mpaka niagize, cheni ni hii hii ya kukatia au kuna yake, na je mashine ya watu haitaniulia undugu?? maana ikifa hiyo dada yangu hatanielewa

fundi_mafinga
Fremu isikuumize kichwa mkuu, ni skwea paipu ya inchi moja na bolti. Inabana ba sehemu mbili, karibu na injini na karibu na ncha, halafu kuna reli mbili zinazotembea juu ya gogo, ule umbali kati ya reli na ba ndio unene wa mbao yako, kwaiyo fundi atoboe matundu ya kupandisha na kushusha. Ila mwambie kwenye ncha ya ba kuna kigurudumu ndani, asibane pale, abane nyuma yake kidogo, la sivyo kigurudumu kinagoma, cheni inachemka na ba inaungua.

Kazi ipo kwenye cheni. Hiyo uliyonayo meno yake yamenolewa digrii 30, ni ya kukatisha mti. Ukiipeleka kufuata nyuzi za mti itakwenda lakini kwa kulazimisha, mbao inatoka na makwaruzo na injini inalia. Ya kupasulia inanolewa digrii 10. Ya dukani ipo lakini huku kwetu kuipata shida, wewe kila ukinoa punguza pembe kidogo kidogo mpaka ufike hapo, tupa ya duara ya milimita 5.2 kama ni cheni ya 3/8 ya Stihl. Na meno yote yawe sawa, upande mmoja ukizidi mbao inapinda yenyewe hata fremu haisaidii.

Mashine ya shemeji: 381 ni cc 72, inatosha, chini ya hapo nisingekushauri. Ukikata mti unabana mafuta sekunde chache unaachia, ukipasua imebanwa mpaka mwisho dakika kadhaa mfululizo, joto hilo ndio linalokula pistoni. Oili ya tu-stroki ya uhakika, mililita 20 kwa kila lita ya petroli, usipime kwa macho. Skrubu ya H kwenye karbureta ifungue kidogo sana ipate mafuta zaidi. Kila ukimaliza mbao moja iache ingurume taratibu kwanza usizime ghafla, na chujio la hewa lipige brashi kila ukijaza tangi maana vumbi la kupasua ni jingi kuliko la kukata.

Sasa ubaya wake. Cheni inakula milimita 9 hivi kila inapopita. Mbao ya inchi moja ni milimita 25, piga hesabu, robo ya gogo umeimwaga chini vumbi. Msumeno wa bendi unakula 2 au 3 tu. Ukipasua za inchi mbili hasara inashuka mpaka kama asilimia 15. Huku kwetu misindano (paini) ya 2x4 na 2x2 tunaipeleka dingdong, ile mashine ndogo ya msumeno wa duara inayohamishika, chenso ni ya kuangushia tu.

pawaso_254
Fremu ya nini jameni. Huku Meru vijana wanapasua grevilea kwa pawaso (chenso hiyo hiyo) mkono mtupu, wanapiga uzi uliochovywa oili chafu na unga mweusi wa betri za redio, wanafuata laini, jioni pikapu imejaa. Hiyo pesa ya chuma nunua cheni mbili

fundi_mafinga
Nawaona hata huku wapo na aliyezoea anapasua vizuri sikatai. Lakini uzi uko juu, chini ya gogo hakuna anayeona, mbao inaanza inchi mbili inaishia moja na nusu, ukifika kwenye randa ndio unajua umenunua nini. Huyu ndugu anaanza leo na mashine sio yake, kesho ncha ya ba iguse kisiki imrushe usoni, wewe utakuwa Meru unakunywa chai.

pawaso_254
😂😂 haya nimekubali, lakini za kenchi nani anaangalia kama ziko sawa?

kijana_wa_tanga
Wakuu mnaruka mbele. Mkulima, kabla hujawasha hiyo kitu pita kwa mtendaji wa kijiji halafu afisa misitu wa wilaya, na umuulize na habari ya usajili wa chenso yenyewe. Mti ni wako sawa, lakini mbao ukiziingiza barabarani bila hati ya kusafirishia na bila kugongwa nyundo (muhuri) ya TFS, wale wakala wa misitu, utaziacha kwenye geti la kwanza. Na kama kuna mvule humo usiuguse bila kibali, achilia mbali kwamba mvule una mawe ndani yake, yani mawe kweli ya chokaa, cheni ikikutana nayo ndio basi

mama_samani
Kaka usije ukaugeuza mfenesi kenchi nitalia. Huo ni mti wa milango ya Zanzibar, kiini chake cha njano na kadri miaka inavyokwenda kinaiva kinakuwa kahawia, mchwa hawauwezi kirahisi. Upasue vipande vipana vya inchi mbili upana wote wa gogo, hapo ndipo chenso inamshinda dingdong maana meza ya kipande kimoja dingdong hakupi.

Grevilea nayo nzuri kwa vitanda ila ile sehemu nyeupe ya nje wadudu wanaipenda mno, mabanzi yatoe yote na mbao zipake dawa mapema. Kukausha ndio wengi wanaharibu, wanaziegemeza ukutani juani kisha wanasema mti mbaya. Panga kivulini penye upepo, chini weka matofali, kila mbao na mbao weka vijiti vya inchi moja umbali wa futi mbili hivi, na vijiti vikae mstari mmoja juu mpaka chini. Juu kabisa weka mawe mazito. Vichwa vya mbao paka rangi yoyote iliyobaki siku hiyo hiyo uliyopasua, maji yakitokea kichwani haraka panapasuka. Vya inchi mbili usiniletee kabla ya mwaka huko Amani kwenye unyevu.

mkulima_wa_muheza
Ahsanteni sana aisee, dada mama_samani umeuokoa mfenesi. Mvule haupo, kibali naanza jumatatu. Maswali mawili tu: gogo ni duara, reli za fremu zinatembea juu ya nini kwenye mbao ya kwanza? na mfenesi kipimo chake ni sentimita 65, ba ya 24 itavuka?

fundi_mafinga
Mbao ya kwanza unatumia ngazi ya alumini, au ubao wowote mnene ulionyooka kweli, ugongomelee juu ya gogo na fremu ipite hapo. Misumari isishuke mpaka njia ya cheni. Baada ya hapo kila uso uliopasua ndio reli ya mbao inayofuata. Ukiendelea mbele chomeka vikabari nyuma ya ba, gogo lisije likajifunga na kubana cheni.

Haivuki. Fremu inakula karibu sentimita 10 za ba, umebaki na 50. Punguza mbavu za gogo kwanza pande mbili kwa ba hiyo hiyo, au tafuta ba ndefu, lakini ba ndefu kwa cc 72 na mti huo utamchosha shemeji.

Migrevilea sasa, badala ya kupasua zote shambani zitoe pande nne tu ziwe boksi za 6x6 futi 10, watu wawili wanabeba mpaka barabarani, zikifika huko mwenye msumeno wa bendi anazichana nyembamba bila kula robo. Na ule mfenesi kama una kamba ya nguo au mzinga uliwahi kufungwa pale, kagua misumari kabla. Magome yamenye yote, utomvu wake unaganda kwenye cheni, uwe na mafuta ya taa ya kufutia.