Mwezi haujaandama, orodha ya ukweni imeshafika

Assalaam alaykum wadau. Samahanini uzi ni mrefu, lakini nisipoyatoa hapa nitayatolea jikoni na sufuria ndo zitakazoumia.

Leo mwezi 21, kumi la mwisho limeingia. Watu wanakesha wanautafuta usiku wa Laylatul Qadri, mie nakesha na cherehani. Ni fundi wa nguo, niko Fuoni, Unguja. Anayeijua kazi hii hana haja ya kuelezwa kumi la mwisho ni kitu gani: mwaka mzima mteja anakwambia "nitakuja tu fundi, sina haraka", Ramadhani ikishafika ishirini wote wanakumbuka kwa pamoja kwamba wana watoto na watoto wana miili. Hapa nilipo nina vitambaa vya watu 19 havijatiwa mkasi. Kuna gauni saba za rangi moja za mtu na ndugu zake, kila mmoja na mshono wake, na kila mmoja keshanipigia kivyake kuniambia lake lipendeze kuliko la mwenzake.

Basi usiku wa kuamkia leo, saa 7, nimeinama natia zipu, simu ikalia. Kundi la ukweni. Wifi yangu mkubwa, huyu aliyeolewa Dar es Salaam, katuma sauti ya dakika nne. Nikasema Yarabi salama, labda kuna mgonjwa. Kumbe ni chakula cha skukuu.

Skukuu Mosi asubuhi: mkate wa kumimina, tambi za kukaanga zenye zabibu, kaimati, na sambusa za nyama "zile ndogo ndogo". Mchana: biriani ya kuku kwa sababu mama (yaani mavyaa wangu, mama wa mume) hahesabu kuwa ni skukuu bila biriani. Pilau ya nyama pembeni kwa sababu watoto wake yeye wifi hawali biriani, wanasema ina rojo. Bavyaa, baba wa mume, apikiwe boko boko, maana enzi za marehemu baba yake ilikuwa haipiti Idi bila boko boko. Ami anayetoka Wete atapenda pweza wa nazi. Na yeye mwenyewe wifi mwaka huu anapunguza mwili, hagusi wali, kwa hiyo atengewe samaki wa kuchoma na kachumbari isiyo na chumvi nyingi. "Na ile achari ya embe ya mwaka jana usiisahau wifi yangu, tuliipenda kweli." Akamalizia na busu.

Watu 23. Nimewahesabu kwa vidole: kumi na mmoja wanavuka kwa meli kutoka Pemba, watano wa Dar, saba sisi wenyewe. Jiko nnalo la gesi lenye meko mawili, na seredani moja ya makaa ambayo mguu wake mmoja ni jiwe.

Mume wangu alikuwa chumba cha pili, macho. Nimemwona "yuko hewani" kwa macho yangu. Akajibu kundini: "Inshaallah dada, hakuna tabu." Hakuna tabu! Sawa, yeye tabu ataitoa wapi, na tangu tuoane hajawahi kumenya hata punje moja ya thomu?

Sasa kuna watu wakisikia "biriani" wanadhani ni neno moja kwa hiyo ni kazi moja. Kwa watu 23 ninakaanga kilo tano za vitunguu, kidogo kidogo, mpaka vikauke viwe rangi ya kahawia bila kuungua, maana vikiungua sufuria zima linakuwa chungu na utasikia habari zako mpaka Konde kule Pemba. Hapo hujasaga thomu na tangawizi, hujamenya tungule, hujakata na kukaanga mbatata, hujalaza kuku kwenye mtindi. Rojo lake peke yake, wali wake peke yake, zafarani ya kunyunyizia juu. Pilau nayo inataka uzile wake na supu yake. Boko boko ndo usiseme: ngano inarowekwa tangu jana, inachemshwa na nyama mpaka vyote visahau vilikuwa nini, kisha unaiponda kwa mwiko mpaka bega lote linakufa ganzi, umwagie samli na vitunguu juu. Bavyaa akila vijiko vitatu anasema "ya marehemu bibi yenu ilikuwa laini zaidi". Kila mwaka. Vijiko vitatu.

Mkate wa kumimina nisingeulalamikia, huo naupenda mwenyewe. Kuna raha fulani kuutazama unavyoumuka na kutoboka toboka vishimo, makaa juu ya kifuniko, harufu ya hiliki nyumba nzima, na takbira zinasikika msikitini. Lakini ili utoke saa 12 asubuhi mchele ulioroweka lazima uwe umeshasagwa na tui na hamira usiku, na usiku huo ndo usiku wa mwezi, na usiku wa mwezi mlango wangu haufungwi. "Fundi, mwezi umeandama, gauni liko wapi?" Mkono mmoja una unga, mwingine una sindano.

Halafu hilo la mwezi lenyewe. Walio nje ya visiwa hivi labda hawatanielewa, ila wa Unguja na Pemba mtanielewa haraka. Nyumba ya ukweni kwangu ina miezi miwili. Bavyaa na watoto wake wawili wa kiume wanafuata mwezi wa kimataifa, ukionekana popote wao wanafungua. Mavyaa na mume wangu wanafuata mwezi wa hapa. Mie siingii kwenye hiyo mijadala, ina wenyewe na elimu zao. Mie nnalotaka kujua ni nyama naroweka lini.

Mwaka 2025 ndo nilikoma. Jumamosi usiku, tarehe 29 Machi, Saudia wakatangaza. Bavyaa na wanawe wakasali Jumapili, sisi tukasali Jumatatu. Hebu ipigeni picha hiyo Jumapili: mie nimefunga, nimesimama juu ya moto saa 5 mchana napika pilau ya Idi ya watu wengine. Chumvi naionja kwa ncha ya ulimi, natema, nasukutua, narudi. Wao barazani wamevaa kanzu mpya wanapeana mkono wa Idi. Nikapakua, wakala, wakashukuru, sikatai. Kesho yake ndo Idi yangu. Sufuria lilikuwa limebaki nusu, pilau nzuri tu, nikasema leo nitaongeza kuku wa kukaanga tule sote. Mavyaa akachungulia, akarudisha kifuniko polepole kama mtu anayefunika maiti. "Mwanangu, skukuu hailiwi kiporo."

Nikapika upya. Tangu saa 3 mpaka saa 8. Picha ya familia ya Idi ile ipo, kila mtu yumo, mie simo. Hakuna aliyeona kama simo.

Na msiniambie "ni siku moja tu vumilia". Skukuu yetu hapa ni siku nne, mnajua. Mosi, Pili, Tatu, Nne, na jioni zote nne watoto wanataka kupelekwa viwanja vya Mnazi Mmoja hapa mjini na nguo mpya, wanarudi usiku wana njaa kama hawajala tangu Shaabani. Hapo sijataja sahani za majirani. Jirani wa kulia kaleta sahani ya visheti imefunikwa kawa, wa nyuma kaleta katlesi, na sahani ya mtu hairudi tupu, kwa hiyo kila sahani inayoingia ni deni jipya. Huo ni utamaduni mzuri na siupingi, ila nasema ujue nao unahesabiwa kwenye mchele ule ule.

Pesa sasa. Mume ananipa laki mbili, na kuitoa kwenyewe anaitoa kama anayetoa jino. Mwaka jana nilitia laki na sabini zangu, za cherehani, na hakuna ajuaye zaidi yenu hapa. Kumi la mwisho bei zinapanda kila ukienda sokoni. Ng'ombe wanavuka bahari kutoka bara, vitunguu vinavuka, mbatata zinavuka, na kila kinachovuka kinakuja na nauli yake. Nikienda Mwanakwerekwe narudi na mfuko mwepesi na pochi nyepesi zaidi. Yule wifi wa Dar mwaka jana alikuja na boksi moja la juisi na pakiti mbili za biskuti, akaziweka mezani, akapiga picha.

Sasa hapa ndo penye donda lenyewe. Juzi, kabla hata ya hiyo sauti, nilimpigia simu mavyaa kwa adabu zote. Nikamwamkia, nikamuuliza funga, nikamuuliza miguu. Nikamwambia: mama, mwaka huu kazi imenizidi, kuna mpishi wa shughuli hapa mtaani, wa harusi na maulidi, mkono wake unajulikana, anapika biriani kwa sinia. Nimezungumza naye. Mie nitafanya vya asubuhi na pilau, biriani ije imepikwa, tukae sote tule kwa nafasi. Nitalipa mwenyewe.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

Kisha akasema, taratibu, sauti tamu kabisa: "Mkaza mwana wangu, chakula cha kununua hula msafiri. Mwanangu ana mke."

Wallahi nimefunga, sikujibu. Nikasema "sawa mama, futari njema", nikakata, nikashona suruali ya mtoto wa watu miguu miwili ya kushoto.

Mie sijakataa kupika. Nimelelewa na mwanamke aliyekuwa akipika maulidi ya mtaa mzima, mwiko naujua. Ila yeye alikuwa na wenzake kumi wamekaa kwenye mikeka, mmoja kwenye mbuzi anakuna nazi, mwengine na kifumbu anachuja tui, wanacheka, wanasengenya, saa 8 kazi imekwisha. Ilikuwa shughuli ya watu. Kwangu mie watu wanakuja wakati wa kula. Ya siku tatu mgeni kupewa jembe hayapo. Mgeni wangu ukimwonesha mbuzi ya nazi anakwambia ana mgongo.

Nishaurini, lakini kwa adabu, msinitie moto zaidi ya huu.

Nyongeza, baada ya kufuturu:

Nimesoma majibu. Wewe uliyeandika "mwanamke wa Kizanzibari hashindwi na jiko", nakuomba uje Fuoni usiku wa mwezi, nitakupa ngano na mwiko, tuone ukoo wako unakusaidia vipi.

Wale mnaosema tatizo ni mume: nimelifikiria hilo. Si mtu mbaya. Nikiugua ananiuguza. Ila mbele ya mama yake anarudi ana miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa huwezi kumtuma akazungumze na mtu kuhusu biriani.

Dada uliyesema nipange zamu, kila nyumba na chungu chake, ahsante. Nimeshaandika kundini hivi, nanukuu mwenyewe: "Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwaka huu mie nitatengeneza mkate wa kumimina, tambi na pilau ya nyama, siku watakayosali wengi. Biriani, boko boko, pweza na samaki wa kuchoma, atakayependa kuvipika jiko langu liko wazi tangu usiku, vifaa vyote vipo, mchele nitauchagua mimi. Atakayependa kuvinunua pia karibu. Skukuu njema."

Watu 16 wameusoma. Bavyaa peke yake ndo kajibu: "Wa alaykumu salaam." Basi.

Nyongeza ya pili, saa 5 usiku:

Wifi wa Dar kajibu. Si sauti safari hii, maandishi, na si kundini, kwangu mwenyewe: "Kwa hiyo wifi achari nayo haitokuwepo?"

Mume kaniuliza mlangoni, hajaingia ndani, kama mbuzi ya nazi iko wapi. Nimemwambia iko nyuma ya ndoo. Nimuulize anaitakia nini au nisimuulize? Sijamuuliza. Nina vifungo vya gauni la tatu kati ya yale saba, na mwenyewe yuko njiani anakuja kujaribu.