Msaada: ncha gani ya pasi ya kulehemu, na multimita ipi kwa anayeanza?

Mwanagenzi
Wakuu, habari za leo. Nipo Dar, najifunza elektroniki nyumbani. Nilianza na taa za kumetameta za IC ya 555 (kijisaketi cha kuhesabu muda), zikawaka vizuri. Sasa nina seti ya redio ya FM ya kujiundia na nimekwama. Pasi yangu ni ya wati 60, haina kidhibiti joto, na ncha yake ni nyembamba kama sindano. Imekuwa nyeusi, risasi ya kulehemu haishiki, inajiviringisha na kudondoka. Nikikandamiza muda mrefu, vile viduara vya shaba kwenye bodi vinabanduka. Viwili vimeshatoka. Nitafute ncha nyembamba zaidi? Na ile multimita ndogo ya njano ya bei ya chini inatosha? Nataka kupimia hata soketi ya ukutani.

FundiRedio
Pole mdogo wangu. Nyembamba zaidi itakuumiza zaidi. Sindano inagusa sehemu ndogo mno, joto halipiti, ndiyo maana unaishia kukandamiza. Tafuta ncha bapa, yenye umbo la patasi, upana wa milimita 2.4 hivi. Ilaze iguse kiduara na mguu wa rezista kwa pamoja, kisha peleka risasi kwenye kiungo, siyo kwenye ncha. Sekunde mbili tatu, ondoa.

Weusi huo usiupige msasa wala tupa, nakuomba. Ncha nyingi za sasa ni shaba iliyovikwa ganda la chuma. Ukilikwangua ganda, risasi inakula shaba na ncha inatoboka. Inayopigwa tupa ni ya shaba tupu peke yake, zile nyekundu za pasi za zamani. Yako ipake flaksi (dawa ya kusafishia wakati wa kulehemu) ikiwa ya moto, ipe risasi, futa kwenye sponji yenye unyevu, rudia mpaka ing'ae. Na kila unapozima pasi, iache imevaa risasi.

Saketi_Mwanza
Naongeza: soma kibandiko cha risasi yako. Ya 63/37, yaani bati 63 na madini ya risasi 37 kwa mia, huyeyuka nyuzi 183 za Selsiasi. Isiyo na madini ya risasi, ya bati 99.3 na shaba 0.7, inataka 227, na inamtesa anayeanza. Tumia 63/37 au 60/40, fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kula.

Ncha ya sindano usiitupe, siku ukigusa vijenzi vidogo vya kubandikwa juu ya bodi utaihitaji.

MamaVolti
Mimi nijibu la multimita, maana hapo kuna hatari. Hiyo ya njano kwa redio ya betri inatosha kabisa. Ukutani usiipeleke. Nyingi kati yake tundu la 10A, la kupimia mkondo mkubwa, halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu hapo baada ya kupima mkondo, kisha ukachomeka kwenye soketi ya volti 230, umefanya shoti mkononi mwako. Kwa ukutani chukua iliyoandikwa CAT III 600V (daraja la usalama la kipimo), na muombe muuzaji afungue mgongo uone fyuzi kwenye matundu yote ya mkondo. Maandishi tu yanaweza kuchapwa na yeyote.

Hakikisha ina mlio wa kupima mwendelezo, yaani kama njia ya umeme haijakatika. Na betri yake ikichoka badilisha mara moja, kwani nyingi za bei ndogo husoma juu kuliko ukweli.

Mwanagenzi
Asanteni sana wakuu. Nimepata ncha bapa Kariakoo, viungo vinatoka vinang'aa. Vile viduara viwili nimeviruka kwa kipande cha waya. Redio inaongea! Ila stesheni za juu ya 100 MHz haizifikii.

FundiRedio
Hongera mdogo wangu. Tanua kidogo mizunguko ya koili ya osileta (sehemu ya redio inayozalisha masafa ya kuchagulia stesheni), masafa yatapanda. Tumia kijiti cha plastiki, bisibisi ya chuma inavuruga masafa ukiisogeza karibu.