Boti la mpira mto Flathead, hifadhi ya Glacier: watoto wawili na bibi yao wa Pangani

MamaNasra (Seattle)

Habarini za huko mliko. Mama yangu amekuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu, na mume wangu kafanikiwa kupata wiki moja ya likizo mwishoni mwa mwezi wa saba. Tumeamua kumpeleka mama Montana, hifadhi ya taifa ya Glacier, aone milima yenye theluji asiyohitaji kuipanda. Nilidhani mpango umekwisha hapo, hadi Nasra (11) alipoona video ya watu ndani ya boti la mpira wanapigwa na maji huku wanacheka. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mdogo wake ana miaka 7, na anachotaka dada yake naye anakitaka mara mbili.

Kuna mtu humu ameshakwenda? Nataka kujua kama ni jambo la watoto kweli au ni matangazo tu. Mimi naogelea kidogo, mume wangu vizuri, watoto wamefundishwa shuleni. Tatizo ni mama. Ana miaka 66, kazaliwa Pangani, mto na bahari viko mlangoni kwao, lakini kuogelea hajui na hajawahi kuona sababu ya kujua. Nilipomwonesha ile video akaniuliza, "Huko hakuna mamba?" Kisha akauliza atavaa nini. Nilitegemea aseme hapana. Hakusema.

Mume wangu anashauri tumwache hotelini apumzike. Nilimwangalia tu.

Dereva Mstaafu

Mama Nasra, msalimie mama, mwambie shikamoo kutoka kwa kijana wa Mwanza. Nilipokuwa nasoma Missoula niliendesha basi la kampuni moja ya maboti pale West Glacier, viangazi viwili. Lilikuwa basi la shule lililopakwa rangi upya, linanuka soksi mbichi kuanzia Juni mpaka Septemba, tela la maboti nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka watu juu ya mto na kuwasubiri chini. Kwa hiyo nimeona nyuso zao kabla na nyuso zao baada, na hilo ni jambo ambalo hata manahodha hawalioni vizuri maana wao wanaangalia maji.

Kwanza mahali penyewe. Mto unaoutafuta ni Middle Fork, yaani tawi la kati la mto Flathead. Haupiti katikati ya hifadhi, ndio mpaka wake. Ukiwa ndani ya boti unateremka, mkono wa kulia ni Glacier, wa kushoto ni msitu wa taifa pamoja na barabara kuu namba 2 na reli. Treni za mizigo zinapita juu yenu mara kwa mara, ndefu hata mtoto akizihesabu anachoka. Kipande chenye mkondo mkali ni kama maili 8, mnaingilia Moccasin Creek, mnatokea West Glacier. Mito hupangwa madaraja, la 1 ni maji yaliyotulia na la 6 ni kutafuta kifo. Hapa maji yakiwa ya kawaida ni daraja la 2 na la 3. Kuna sehemu inaitwa Bonecrusher, yaani Mvunja Mifupa, na nyingine Jaws, mataya. Usimtafsirie mama. Mimi sikuwahi kumshusha mtu aliyevunjika mfupa, ila niliwashusha wengi waliokwishanunua fulana yenye hilo jina.

Sasa hukuuliza mwezi, lakini mwezi ndio jambo kubwa. Theluji yote unayoiona kwenye zile picha inayeyuka na kuingia humo. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni mto unajaa, una rangi ya chai ya maziwa, magogo mazima yanaelea. Wakati huo watoto wadogo hawachukuliwi, na ukikuta kampuni inayomchukua mtoto wa miaka 7 maji yakiwa hivyo, rudi kwenye gari lako. Kufikia mwisho wa Julai yameshuka na kutakata, unaona mawe chini, mekundu, ya kijani, mengine ya zambarau, kama mtu kamwaga bakuli la achari. Tarehe zenu ni nzuri. Makampuni mengi hapo wanapokea watoto kuanzia miaka 6 kwenye mkondo mkali, lakini piga simu juma lenyewe la safari uulize maji yakoje. Usitegemee ulichosoma mwezi wa nne.

Nikueleze kosa langu. Mwaka wa kwanza nilimpandisha mpwa wangu wa miaka 9 bure, kiti kilikuwa wazi, wiki ya pili ya Juni. Nilimfunga jaketi okozi mwenyewe. Akalalamika linambana, nikamwonea huruma, nikalegeza mkanda wa kiunoni. Hakuanguka Mvunja Mifupa wala wapi, alianguka mahali ambapo maji yanacheza tu, aligeuka kuitazama treni, boti likapanda kigongo kidogo, hayupo. Alikaa majini labda nusu dakika. Nahodha alipomvuta, jaketi lilikuwa limempanda hadi masikioni, mikono imeinuka kama anajisalimisha kwa polisi, midomo imekuwa rangi ya zambarau, na hakuweza kutoa neno. Hakunywa maji mengi. Ni baridi. Baridi ile inakukaba pumzi kabla hujajua umelowa. Alinikalia kimya njia nzima ndani ya basi, na hadi leo ni mwanaume mzima lakini akinipigia simu kuomba hela hunikumbusha kwanza mkanda.

Kwa hiyo hili ulifanye mwenyewe, usimwachie mtu. Mtoto akishavaa na kufungwa, simama mbele yake, shika jaketi kwenye mabega yote mawili, mnyanyue mpaka visigino viachane na ardhi. Jaketi likimpanda kufika kidevuni, bado halijafungwa. Kaza mkanda wa chini kwanza, halafu wa kati, wa juu mwisho. Atalalamika. Mwache alalamike.

Na wafundishe nyumbani, hata kwenye zulia: ukianguka lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu juu ya maji, na USISIMAME hata kama unaona kina ni kifupi. Mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi. Nahodha ataeleza haya yote ukingoni, lakini wakati huo watoto wanachokoza kasia.

Kuhusu mama. Kujua kuogelea si sharti, jaketi ndilo linaloelea. Ila kuna safari nyingine, ya taratibu, kutoka West Glacier kushuka hadi karibu na daraja la Blankenship, pale Middle Fork na North Fork, tawi la kaskazini, zinapokutana. Nahodha anapiga makasia mawili marefu peke yake, nyinyi mmekaa kama wageni wa harusi. Kuna vimawimbi hapa na pale, mtu analowa vidole. Bibi wengi niliwabeba kwenda huko na walirudi wakiimba. Mgawane: baba na watoto wapande juu asubuhi, mchana wote mshuke huku na mama.

Mamba hakuna, kiboko hakuna, na hilo nalisema kama mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria. Dubu wapo, lakini wako kandoni na shughuli zao.

binti_Amu (Portland)

Mimi nitajibu la nguo kwa sababu Dereva ameliruka kama wanaume wote.

Dada, buibui hapana. Si suala la mtu kukukataza, ni kwamba kitambaa kirefu kikilowa kinakuwa mzigo, na kinaweza kunasa kwenye kamba za boti. Mimi nilikwenda mto mwingine huku Oregon na vazi langu la kuogelea la kujisitiri, suruali na kanzu fupi, halafu juu yake suti ya mpira waliyoniazima, halafu juu ya suti nikavaa koti jepesi la mvua linalofika mapajani. Sikuonekana umbo wala nini, nilionekana kama fundi bomba. Mtandio nilivaa ule wa kuvuta, wa kitambaa cha michezo, ncha nimezichomeka ndani ya kola. Wakinivalisha helmeti ikakaa juu yake bila shida. Pini usiweke hata moja.

Pamba usimvalishe mtu yeyote, wala jinzi. Pamba ikilowa inakaa na baridi yake. Soksi za sufu, sweta la sufu au la fliisi, kile kitambaa laini chenye manyoya. Na miwani ya mama ifungwe kamba, ya mume wangu iko chini ya mto mpaka leo.

Mpigie simu kampuni uwaambie kabisa kuna mama mtu mzima anayejisitiri, ataomba chumba cha kubadilishia kilicho na mlango. Mimi nilikuta pazia.

Mkasia (Nairobi)

Mnaongea raha tu nyinyi. Huku kwetu ni Sagana, mto Tana, maji yenyewe yanatoka Mlima Kenya na Aberdare na hakuna mtu anayegeuka zambarau. Mnaanza na kipande chepesi mnajifunza amri za nahodha, mkondo mkali unakuja baadaye. Mama Nasra, ukipita Nairobi kumrudisha mama, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Lakini mto unapanda mvua za masika zikikaza, kwa hiyo hapo pia niko na Dereva, uliza mwezi kwanza.

MamaNasra

Asanteni sana. Nimemwonesha mama majibu yote, nikamsomea lile la mamba kwa sauti. Akauliza huyo kijana wa Mwanza ni mtoto wa nani.

Maswali mawili ya mwisho. Dereva, watoto wakae wapi ndani ya boti? Na mume wangu anataka tuendeshe gari usiku kucha, mimi sitaki.

Dereva Mstaafu

Mbele ndiko kunakolowa na ndiko watoto wote wanakotaka. Nasra mwache akae mbele kama anaweza kushika kasia asiliachie, na kile kishikio cha juu cha kasia akifunike kwa kiganja, kikiwa wazi ndicho kinachong'oa meno ya jirani. Wa miaka 7 akae katikati, karibu na baba, ashike kamba. Nyuma karibu na nahodha ndipo panapotikisika tofauti, wengine wanapaona pazuri, wengine tumbo linawageuka.

Gari achaneni nalo. Treni ya Empire Builder inatoka Seattle jioni, asubuhi mnashuka West Glacier penyewe, na makampuni yako jirani na stesheni. Mama atalala. Akiamka akae upande wa dirisha, mto utaanza kumtokea. Ila kata tiketi mapema, Julai inajaa. Na muwe na bahasha ya nahodha, asilimia 15 hadi 20 ndiyo desturi. Dereva wa basi naye ana tumbo.

Mwambie mama mimi ni mtoto wa mwalimu, wa Igoma.

MamaNasra

Tumekata. Tarehe 28 Julai. Watoto na baba yao asubuhi kule juu, sote mchana safari ya taratibu.

Jana jioni nimemkuta mama sebuleni amelala chali juu ya zulia, miguu ameielekeza kwenye televisheni, vidole juu, na yule mdogo amesimama pembeni anamwambia, "Bibi, usisimame!" Leo asubuhi ananiuliza kwa nini yeye asiende na watoto.

binti_Amu (Portland)

Mpigie kampuni simu tena.