Binti aende Nakawa, Kampala, au asome hapahapa Mbale?

Bi_Namakwekwe
Habari zenu wapendwa. Binti yangu amemaliza S6 (kidato cha sita) na barua za chuo zimetoka. Anaweza kwenda Kampala, au abaki hapa Mbale akitokea nyumbani. Baba yake anataka abaki, mwenyewe anataka Kampala. Pesa ya kwanza inatakiwa kabla mwezi haujaisha. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mwl_Tororo
Kozi gani mama? Chuo gani? Serikali ndiyo inamlipia au mnalipa wenyewe? Masomo ya mchana au ya jioni? Kampala kuna ndugu wa kumpokea au atakaa hosteli? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Dereva_Tirinyi
Abaki. Kampala ni foleni na vumbi.

Kahawa_Sipi
Mbona mnajisumbua, IUIU, Chuo Kikuu cha Kiislamu, iko hapo Nkoma, Mbale, tangu 1988. Anakula nyumbani, analala nyumbani, na adabu inasimamiwa.

Mwl_Tororo
Kahawa, wewe hata mtu akiuliza bei ya saruji utamjibu Nkoma. Mwache mama ajibu kwanza.

Bi_Namakwekwe
Samahanini, nilikuwa na haraka. Ni BBA (shahada ya usimamizi wa biashara) ya MUBS, chuo cha biashara cha Makerere, barua inasema Nakawa, mchana, tunalipa wenyewe. Kampasi ya MUBS ya hapa Mbale nimeiulizia, wanasema nafasi ipo. Alisoma MEG/ICT, yaani hesabu, uchumi, jiografia na kompyuta. Kampala yuko shangazi yake, anakaa Nansana.

Mhasibu_Lugogo
Hapo sasa tunaongea. Shahada za MUBS hutolewa na Makerere, kwa hiyo jina la cheti tuliache. Ada ya masomo nayo iweke pembeni: kila kampasi ina karatasi yake ya malipo, omba zote mbili uzilaze mezani, usome hadi mistari ya chini kule kwenye usajili, mitihani, maktaba na gildi ya wanafunzi. Wengi husoma mstari wa kwanza tu, halafu wanashtuka muhula ukianza.

Kinachozitofautisha kampasi ni gharama za maisha. Muhula ni wiki 17, yaani 15 za masomo na 2 za mitihani, siku 119. Nakawa, kitanda kwenye chumba cha watu wawili, hosteli ya kawaida, weka 800,000 kwa muhula. Zipo za laki sita, zipo zinazovuka milioni. Chakula 6,000 kwa siku, hapo ni posho (ugali) na maharage na rolex (chapati ya mayai) jioni, hakuna kuku: 714,000. Basi kwenda na kurudi 60,000. Jumla 1,574,000.

Akibaki Mbale usiandike sifuri, hapo ndipo wazazi wanajidanganya. Boda 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 17: 340,000. Chakula cha mchana 3,000 kwa siku 85: 255,000. Jumla 595,000. Tofauti ni 979,000 kwa muhula, na mihula ni 6 kwa miaka mitatu. Piga mwenyewe, inakaribia milioni 5.9. Vocha za data sikuweka kwa sababu atazinunua popote.

Dereva_Tirinyi
Nauli ya 30,000 ni ya siku za kawaida. Krismasi usiihesabu hiyo.

Bi_Namakwekwe
Asante sana Mhasibu. Je, akikaa kwa shangazi si ile 800,000 inaokoka?

Mkaazi_wa_Kireka
Dada, angalia ramani kabla hujamshukuru shangazi. Nansana iko Barabara ya Hoima, Nakawa iko Barabara ya Jinja, mji mzima uko katikati. Ni taksi (matatu) mbili kwenda na mbili kurudi. Weka 2,000 kila moja: 8,000 kwa siku, 40,000 kwa wiki, kwa wiki 17 ni 680,000. Umeokoa 120,000 tu, na mtoto anaamka saa kumi na moja kuwahi kipindi cha saa mbili. Mvua ikinyesha asubuhi nauli inapanda na kipindi kimempita. Vikundi vya kozi waki (kazi za kozi zenye alama) navyo hukutana jioni, wa mbali ndiye anayeachwa. Shangazi angekuwa Banda, Kireka au Bweyogerere ningesema sawa, taksi moja inamshusha Nakawa.

Mwl_Tororo
Ni kweli, ila kwa shangazi chakula cha jioni kipo. Usikifute.

Mkaazi_wa_Kireka
Chakula kipo, na vyombo vya kuosha vipo pia.

Fundi_Bugembe
Kuna njia ya tatu: muzigo, yaani chumba cha kupanga, kule Kinawataka au Banda, karibu na Nakawa, chumba kimoja 200,000 kwa mwezi, wakae wawili, kila mmoja anatoa laki moja.

Mhasibu_Lugogo
Fundi, hosteli unailipa kwa muhula, muzigo unaulipa miezi 12 hata ukiwa umelala Mbale likizo nzima. 200,000 mara 12 ni 2,400,000. Hosteli mihula miwili ni 1,600,000. Wakiwa wawili muzigo unashinda, 1,200,000 kila mtu. Lakini mwenzake akiacha chuo au akihama, mzigo wote ni wako, na mwenye nyumba hajui habari za mwenzako. Bado kitanda, jiko, ndoo na kufuli.

Fundi_Bugembe
Sheria ya wapangaji ya 2022 inakataza kudai kodi ya zaidi ya miezi mitatu mbele, na kuongeza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mnyonge ana haki yake.

Mkaazi_wa_Kireka
Haki ipo, sasa mpelekee mwenye nyumba wa Kinawataka hiyo sheria uone kama chumba hakijapata mtu mwingine jioni hiyohiyo.

Nekesa_Busia
Kabla hamjamtuma popote, kuna kisa cha binti mmoja wa mtaa wetu mkisikilize. Jina la hosteli siliweki hapa. Alitumiwa picha kwa WhatsApp na dalali, chumba kizuri, watu wawili. Akaambiwa vyumba vinaisha, atume 150,000 ya kushikiliwa nafasi, ikaenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Risiti aliyopata ni ujumbe wa simu tu, hauna jina la hosteli wala namba ya chumba. Siku ya kuripoti, chumba alichopewa kina vitanda vitatu. Alipolalamika kwamba dalali alisema wawili, msimamizi hakumjua hata huyo dalali. Ile 150,000 haikukatwa kwenye bei, akalipa upya yote.

Haikuishia hapo. Mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) ilikuwa moja kwa ghorofa nzima. Kila wiki wanachanga tokeni, na chumba kimoja wanapikia koili. Umeme ukiisha katikati ya wiki wanagombana nani kala. Maji yalikuwa ya bomba la uani, yakikatika ni kununua jerikani. Akataka kuhama, kumbe karatasi aliyotia saini inasema pesa hairudi hata kama umekaa wiki mbili. Basi akachukua pesa ya ada akalipia chumba kingine, akisema atairudisha. Wiki ya mitihani ikafika, salio la ada likamzuia mlangoni. Masomo yote ya muhula ule akayarudia.

Kwa hiyo mtu mzima aende mwenyewe akaone. Afungue bomba. Aulize mita ni ya chumba au ya ghorofa. Ahesabu vitanda, sio magodoro. Alipe ofisini, risiti iwe na muhuri, namba ya chumba na neno "watu wawili". Karatasi ya masharti aisome kabla kalamu haijagusa.

Bi_Namakwekwe
Mungu wangu. Na hiyo ada nayo mtu anaweza kutapeliwa?

Mwl_Tororo
Ya chuo cha serikali inalipwa kwa PRN, namba inayotolewa kwenye mfumo wa chuo kwa jina la mwanafunzi. Hakikisha jina na kiasi kabla ya kutuma, na PRN ina muda wake, ukichelewa unatoa nyingine. Mtu akikupa namba yake ya simu ati "nitakulipia", kimbia.

Simba_wa_Elgon
Mbona hakuna aliyetaja mkopo wa serikali wa wanafunzi wa vyuo? Achukue mkopo aende Kampala, yaishe.

Mwl_Tororo
Mkopo ule umeelekezwa zaidi kwenye kozi za sayansi na teknolojia, BBA usiiwekee matumaini. Hata anayeupata, unalipa ada, si hosteli wala chakula. Tena unataka wadhamini.

Kahawa_Sipi
Ndiyo maana nasema Nkoma.

Simba_wa_Elgon
Mtoto wa MEG/ICT anapelekwa BBA ya nini? Busitema wana uhandisi wa kompyuta, hapo barabarani tu.

Mhasibu_Lugogo
Amepata barua ya BBA, tujibu swali la BBA. Na uhandisi wa kompyuta unaangalia fizikia, MEG haina.

Kitu ambacho hakijasemwa ni mafunzo ya kazini mwisho wa mwaka wa pili. Hapo Nakawa anafaidi, benki, bima, viwanda vya Luzira na Ntinda viko karibu, anapeleka barua kwa miguu. Mbale nafasi ni chache na wanafunzi wa vyuo vyote vya mji wanagombea ofisi zilezile. Lakini hilo ni la miezi miwili, hata wa Mbale anaweza kuja kulifanyia Kampala. Hapo ndipo shangazi wa Nansana ana kazi.

Zaidi ya hapo, kwa mtu wa uhasibu kinachomfungulia mlango ni CPA, cheti cha uhasibu cha ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda. Zile milioni 5.9 zinaweza kulipia usajili, mitihani na vitabu, na vituo vya mtihani viko mikoani pia.

Simba_wa_Elgon
CPA bila kufahamiana na watu ni karatasi. Watu wako Kampala.

Mhasibu_Lugogo
Karatasi yenye namba ya uanachama haiulizi ulikutana na nani.

Mkaazi_wa_Kireka
Wote mnasema kweli nusu nusu. Mama, je, anaweza kuanzia Mbale halafu ahamie Nakawa mwaka wa pili?

Mwl_Tororo
Aulize ofisi ya msajili sasa, kabla ya kulipa, na jibu liwe kwa maandishi. Kuhama kunategemea nafasi na matokeo, na lazima asiwe na deni la ada. Aulize pia kama masomo ya mwaka wa kwanza yanafuata mpangilio mmoja kote kuwili, maana somo moja likipishana muhula atabaki nalo nyuma.

Bi_Namakwekwe
Jumatatu nitaenda kuuliza. Hesabu ya Mhasibu nimemsomea baba yake, amefurahi kupita kiasi. Binti naye kasoma ya mafunzo ya kazini, kafurahi vilevile. Sasa akienda, godoro anunue huko au atoke nalo hapa? Basi wanalilipisha?

Dereva_Tirinyi
La inchi nne likikunjwa na kufungwa kamba wanalitupa juu, elfu kumi, ukiongea vizuri tano. La inchi nane watalihesabu kama abiria.

Fundi_Bugembe
Hosteli nyingi godoro lipo.

Nekesa_Busia
Lipo, ila lione kwanza. Kunguni.