Naomba ushauri: siku moja tu Mombasa na rafiki yangu, tuanzie wapi?

Binti wa Sagalla

Hamjambo humu ndani. Nawaomba wenyeji wa Mombasa, na wote wanaoijua vizuri, mnisaidie.

Mimi ni mkaazi wa Voi. Nina rafiki yangu tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza, kwao ni juu Wundanyi. Amepata kazi ya ualimu Lodwar, mbali kaskazini, na anaondoka mwisho wa mwezi. Hajawahi kuiona bahari. Mimi Mombasa nimefika mara moja, nilimpeleka mama hospitali, na siku hiyo sikuona kitu ila wodi na tuktuk iliyoturudisha steji. Kwa hiyo sote wawili ni wageni kabisa.

Tumepanga Jumamosi ya wiki ijayo. Tunatoka alfajiri na lazima turudi usiku huohuo, maana Jumapili anaagwa kanisani kwao. Tumeweka kando shilingi 6,000 za wote wawili, nauli ikiwemo. Orodha yetu mpaka sasa ni ngome ya Fort Jesus, Mji wa Kale, zile pembe za ndovu, Haller Park, Mamba Village, ufuo wa Pirates, feri ya Likoni na bustani ya Mama Ngina.

Je, yote yanawezekana? Treni au basi? Tuvae vipi? Sijui tutaonana tena lini baada ya hapo, ndiyo maana nauliza mapema.

Dereva wa Bondeni

Karibuni sana. Naendesha tuktuk mji huu kila siku, nitasema ninavyoona: hiyo orodha ikateni nusu.

Mombasa mjini ni kisiwa. Haller Park, Mamba Village na Pirates ziko bara ya kaskazini, mpaka uvuke daraja la Nyali. Feri iko kusini. Ukitaka kaskazini, katikati na kusini kwa siku moja, utaijua foleni vizuri kuliko mji. Mimi ningeacha kaskazini yote. Haller Park ni mahali pazuri, machimbo ya zamani ya kiwanda cha simiti yaliyopandwa miti hadi yakawa msitu, lakini panataka nusu siku. Na nyinyi wa Voi tembo na twiga mnawaona mkiwa njiani.

Treni sahauni. Ile inayosimama Voi hutoka Nairobi saa mbili asubuhi, ikifika kwenu ni mchana tayari, na tena inaishia Miritini, si mjini. Pandeni basi au matatu ya saa kumi na moja alfajiri. Ni kama kilomita 150, ila malori kuanzia Mariakani hadi Changamwe ndiyo huchelewesha watu. Shukeni Mwembe Tayari. Hapo hadi Mapembeni ni mwendo wa miguu, mpige picha yenu, muendelee. Msikae sana pale. Ni pembe za alumini juu ya barabara, ziliwekwa mara ya kwanza 1952 kwa ajili ya ujio wa Elizabeth wa Uingereza, na jua la hapo ni kali.

Tuktuk: muulize dereva bei kabla hujakaa. Kama hujui bei halali, uliza mwenye duka la karibu, hatakudanganya.

Mzaliwa wa Pwani Kaskazini

Sikubaliani na ndugu yangu hapo juu. Mtu hajawahi kuona bahari halafu umtembeze kwenye mawe ya Wareno? Pirates ndiyo penyewe. Mchanga mpana, watoto, ngamia, madafu, watu wa kila kabila. Mkifika mjini pandeni matatu ya Bamburi moja kwa moja, mkae huko mpaka saa tisa, mrudi. Fort itabaki palepale.

Mwongoza Wageni

Nitaitetea Fort Jesus, na si kwa sababu ndiyo kazi yangu. Watu wengi huingia, wakapiga picha kwenye mizinga, wakatoka kwa nusu saa wakisema ni kuta kuukuu. Hawakuoneshwa.

Ujenzi ulianza 1593, kwa mchoro wa Mtaliano, Cairati, aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno. Ukiitazama ramani yake ina umbo kama la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Mkiingia, msikimbilie vyumba vya maonyesho. Nendeni kwanza upande wa baharini, simameni ukutani, mtazame maji yanayoingia Bandari ya Kale. Hapo mbele yenu ndipo ilipozama merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697. Waomani walikuwa wameizingira ngome tangu Machi 1696. Ndani watu walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi, na merikebu ile ilikuja kuwaokoa. Mpaka ngome inaanguka Desemba 1698, ilikuwa imepita miaka miwili na miezi tisa. Mkishayaona yale maji, ndipo mwingie kwenye makumbusho mkavitazame vitu vilivyopandishwa na wapiga mbizi kutoka kwenye merikebu ileile. Mtungi ule hautakuwa mtungi tu tena.

Baadaye Waingereza waliigeuza jela, hadi 1958. Kisha ikawa makumbusho, na 2011 UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia.

Inafunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na mbebe vitambulisho vya taifa ili mlipe bei ya Mkenya. Mlangoni mtafuatwa na watu wanaojiita waongozaji. Wapo wazuri na wapo wababaishaji. Muombe akuoneshe kitambulisho chake cha kazi na mpatane bei ya ziara nzima, ya wote wawili, kabla hajasema neno la kwanza la historia. Mimi mwenyewe niliwahi kumwokoa binti aliyedaiwa pesa mara tatu, kwa ngome, kwa mtaa na kwa "ulinzi", na mtu mmoja.

Mama Mahamri

Binti, hongera kwa kumkumbuka mwenzio. Nimezaliwa Mji wa Kale, kwa hiyo sikiliza ya mama.

Mkishuka mkiwa na njaa, anzeni na mahamri na mbaazi za nazi. Msisubiri mpaka mchana, mahamri ya saa tano si mahamri. Kisha ngomeni kungali na baridi. Mkitoka, shikeni Ndia Kuu polepole. Hiyo "ndia" ni njia, kwa Kimvita chetu. Tazameni milango ya nakshi na roshani za mbao, mpite Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe, ambao ni wa tangu karne ya kumi na sita. Mabega na magoti yawe yamefunikwa, hapa ni nyumbani kwa watu. Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe, na akikataa mwamkie tu uende zako. Ukimkuta mtu mzima barazani, shikamoo haigharimu kitu, na mara nyingi utaoneshwa njia bila kuuliza.

Mchana kuleni wali wa nazi na samaki wa kupaka, au viazi karai na ukwaju mkitaka kubana pesa.

Halafu nendeni Biashara Street mkanunue leso. Leso ni doti, vipande viwili vyenye jina moja, yaani usemi mmoja ulioandikwa. Nunueni doti moja, muikate, wewe kipande chako na yeye kipande chake. Someni jina kwanza, rangi baadaye. Rangi itachuja Lodwar kwa jua lile, jina litasomeka.

Bwana Maji

Mmesema mengi mazuri lakini hakuna aliyegusa maji, na hayo ndiyo yatakayoamua siku yao.

Bahari ya kwetu haikai mahali pamoja. Hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua. Maji hupwa hadi miamba ikabaki wazi, kisha hujaa hadi mchanga wote ukamezwa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayapandi sana.

Jumamosi yenu nimeiangalia, mwezi utakuwa mpevu. Hapa Mombasa siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Sasa ndugu yetu wa Pirates anawaambia wafike asubuhi. Rafiki yake ataona mwani na mawe, na maji kule mbali yanang'aa, adhani ndiyo bahari yenyewe. Anayeiona mara ya kwanza aione imejaa. Kwa hiyo asubuhi mjini, bahari alasiri.

Na kama hamjui kuogelea, maji ya magoti yanatosha. Kaeni mbali kabisa na mlango wa Kilindini wanapopita meli kubwa, mkondo pale hauna huruma.

Mdigo wa Likoni

Bwana Maji amenifungulia mlango. Msihangaike na daraja la Nyali. Kutoka mjini chukueni matatu ya feri, vukeni kwa miguu, ni bure kwa wapita njia. Huo ndio usafiri wa majini wa rafiki yako, na hamjalipa hata senti. Mkifika Likoni, tuktuk mpaka Shelly Beach ni karibu sana. Ufuo wetu si mpana kama Pirates, na maji yakikupwa ni mawe matupu, sitaficha. Lakini yakijaa ndipo unapofaa, na wao watafika maji yakijaa.

Kurudi msiogope. Jioni umati wa wafanyakazi unatoka kisiwani kuja kwetu, nyinyi mtakuwa mnakwenda kinyume chao. Simu tieni mfukoni mkiwa kivukoni, kupiga picha pale kumekatazwa.

Mzaliwa wa Pwani Kaskazini

Bwana Maji, nimekubali. Sikufikiria mwezi. Binti, mfuate huyo.

Binti wa Sagalla

Asanteni nyote, nimesoma kila neno mara mbili. Tumeamua: Mwembe Tayari, mahamri, Fort Jesus, Ndia Kuu, leso, feri, Shelly. Haller Park na Mamba Village tumezifuta. Mama Ngina ikipatikana nafasi. Swali moja: kurudi Voi usiku, wasichana wawili, ni salama?

Dereva wa Bondeni

Asubuhi mkishuka tu, kateni tiketi za jioni, msingoje kurudi. Mabasi ya usiku ya Nairobi yanapita Voi. Chagueni la saa moja au saa mbili, mwambieni kondakta mnashuka wapi, na mwe na mtu wa kuwapokea barabarani, kwa jina, si "tutampigia mtu". Mama Ngina iko jirani na kivuko, mkibaki na saa moja mtaonja kachiri za muhogo pale chini ya mibuyu. Mkikosa, si hoja.

Binti wa Sagalla

Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Tulichelewa. Malori yalituzuia Changamwe karibu saa nzima, mahamri tukayakuta yamebaki manne. Mama alisema kweli, yalikuwa yamepoa, lakini mbaazi tumezila mpaka tukafuta sahani.

Ngomeni tulifanya kama Mwongoza Wageni alivyosema, ukutani kwanza. Rafiki yangu alisimama pale muda mrefu. Kisha ndani, kwenye vile vyombo vya merikebu, akaniuliza kama wale waliokuwa ngomeni waliiona ikizama. Sikuwa na jibu, ila tulirudi tena ukutani kutazama, na ni karibu kabisa, lazima waliona. Atawafundisha wanafunzi wake hilo, ameandika kwenye daftari.

Ndia Kuu tulipotea mara mbili. Mzee mmoja barazani tulimwamkia, akatuma mjukuu wake atutoe hadi barabarani, na hakutaka kitu.

Feri tulivuka saa tisa. Shelly tulifika maji yakiwa yamepanda, mchanga umebaki ukanda mwembamba tu. Alivua viatu akasimama. Wimbi la kwanza likamfika magotini, akacheka, akayaonja, akatema. Halafu akakaa palepale kwenye maji na nguo zake. Mimi nilikuwa nimepanga kupiga picha nyingi, nilipiga mbili.

Mama Ngina hatukufika. Basi la saa moja tulilipata, kaka yangu alitupokea.

Doti tulichagua lenye jina "Wema hauozi", la kahawia na rangi ya machungwa. Mwenye duka ndiye aliyetukatia kwa mkasi. Rafiki ameondoka juzi na kipande chake. Mama Mahamri, naomba unisaidie: nimegusa changu kwa kitambaa chenye maji, rangi imetoka. Nikifue vipi, na ule upande uliokatwa niufanyeje usichanike?

Mama Mahamri

Usikiloweke. Kifue peke yake kwa maji baridi, ukisuuze mpaka maji yatoke safi, ukianike kivulini. Ule upande pinda kidogo ushone kwa mkono, uzi wa kahawia. Na mpigie mwenzio leo, kabla hajakiloweka chake.